Milango ya Simbamwene na Vichochoro vya Unguja

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akiwa safarini kumtafuta Livingstone, alipita hapa kwetu chini ya milima ya Uluguru. Mahali ambapo leo ni Morogoro alikuta mji wenye ukuta wa mawe, mnara katika kila pembe, na nyumba zilizosongamana ndani yake. Aliwakadiria wakazi kuwa 3,000; kisha, alipotazama jinsi nyumba zilivyobanana, akasema labda 5,000 ni karibu zaidi na ukweli. Mji huo uliitwa Simbamwene, jina alilokuwa nalo pia mwanamke aliyeutawala baada ya baba yake, Kisabengo, kufariki. Mgeni yule, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu kazi za mikono ya Waafrika, alivutiwa mno na malango. Yalikuwa ya mbao ngumu, yamechongwa nakshi za Kiarabu ndogo ndogo zilizofumana kwa ufundi mwingi, hata akadhani kwamba yalitengenezwa Unguja au kwingineko pwani, yakaletwa bara ubao mmoja mmoja. Bila shaka yalikuja kwa mabega ya wapagazi, maana njia nyingine haikuwapo.

Nilifundisha habari hii kwa miaka mingi, na kila mwaka alikuwapo mwanafunzi wa kuuliza swali lile lile: "Mwalimu, hayo malango yako wapi?" Hayapo. Aprili 1872 dhoruba kubwa iliipiga Unguja, ikavunja vyombo bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Katika majira hayo hayo ya mvua mto Ngerengere ulifurika, na Stanley alipokuwa akirudi pwani alikuta ukuta wa Simbamwene umechukuliwa na maji pamoja na nyumba nyingi. Unguja ilijijenga upya. Simbamwene haukupata tena fahari yake. Wajerumani wakaja na boma lao, reli ikafika Morogoro mwaka 1907, na mji mwingine ukaota kando ya stesheni. Leo mtu hutoka Mzumbe akaenda sokoni Morogoro akarudi bila kuona jiwe hata moja la kumkumbusha ukuta ule.

Ndiyo sababu, kila nipatapo nafasi ya kutembea Mji Mkongwe wa Unguja, mimi huitazama milango kama mtu anayetazama ndugu wa marehemu. Nimefika huko mara mbili tu kwa kukaa: mwaka 1978 nikiwa mwalimu kijana, na mwaka 2023, nilipokaribishwa na mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Kiponda. Mara hii ya pili nilikaa juma zima, na kwa kuwa mwenyeji wangu alikuwa kazini mchana kutwa, niliachiwa ufunguo na ruhusa ya kupotea.

Kupotea ndiko njia ya kuujua mji ule. Kichochoro hukupeleka kushoto, kikakugeuza kulia, kikapita chini ya chumba kilichojengwa juu yake kuunganisha nyumba mbili, halafu ghafla kikakutoa mbele ya msikiti mdogo au duka la vitambaa. Wageni husema kwamba mji haukupangwa. Ulipangwa sana, ila si kwa rula. Mtu alijenga nyumba yake, ndugu yake akajenga ubavuni, mtoto akiolewa akajengewa ng'ambo ya pili ya njia. Kilichobaki katikati ndicho kichochoro, na ilitosha kikiweza kupitisha punda mwenye mzigo au hamali na mkokoteni wake. Kuta ndefu zilizokaribiana huzuia jua, na upepo wa bahari hupita humo kama ndani ya bomba. Saa saba mchana, wakati barabara ya Darajani inaungua, mzee wa miaka yangu anaweza kutembea Sokomuhogo bila kofia.

Vyumba navyo vina siri yao. Karibu vyote ni virefu na vyembamba, upana wa hatua tatu au nne. Sababu yake ni mti. Dari zimelazwa juu ya boriti za mikoko, nyingi zikiwa zimeletwa kutoka delta ya Rufiji, na boriti ya mkoko haiwi ndefu zaidi ya mita tatu hivi. Kwa hiyo sultani na mwenye duka walilala katika vyumba vya upana mmoja. Tajiri alizidi kwa idadi ya vyumba na kwa mlango. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene wake unaweza kufika mkono mzima. Chokaa huvuta unyevu na kuutoa, na kila baada ya muda ukuta hutaka upakwe upya. Fundi akija na saruji, kama walivyofanya wengi, unyevu hufungiwa ndani, chumvi inakula jiwe taratibu, na siku moja ya masika ukuta unashuka. Nilipenda somo hili kuliko yote niliyopewa na waongozaji wa watalii. Waongozaji wana hadithi tamu mno. Kila mnyororo uliochongwa mlangoni wanakwambia ni alama ya nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa. Huenda, lakini mnyororo ni nakshi ya kawaida, na mchongaji aliyetaka kuzungushia miimo yake mpaka mzuri hakuhitaji soko la watumwa ili aubuni.

Sasa nije kwenye kahawa. Sisi wa bara tumezoea kusema mgahawa, tukimaanisha mahali pa kula ugali na maharage. Pwani neno ni mkahawa, na ndani yake kahawa bado inasikika. Hata hivyo kahawa yenyewe ya Unguja haikuhitaji nyumba. Ilihitaji baraza, yaani ukingo wa mawe uliojengwa pamoja na ukuta wa nje, kulia na kushoto ya mlango, ili wageni wa kiume wapokewe hapo bila kuwasumbua wenye nyumba. Juu ya baraza hizo watu wamecheza bao, wamesoma gazeti moja watu kumi, wamesuluhisha ndoa na kuvunja vyama. Mahali mashuhuri kuliko pote ni pale njia zinapokutana katika mitaa ya Sokomuhogo, panapoitwa Jaws Corner kwa jina la filamu ya papa ya mwaka 1975. Muuza kahawa huweka dele lake juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mikono ndani ya ndoo ya maji, kashata pembeni. Nililipa shilingi 200 kwa kikombe. Hatua mia moja kutoka hapo, ndani ya mkahawa wenye kiyoyozi na picha ukutani, nililipa 7,000. Kahawa ya pili ilikuwa nzuri, sikatai, na ilitoka Mbeya. Lakini pale nilikunywa peke yangu nikitazamana na ukuta, na kwa shilingi 200 nilipata kahawa, habari za Bunge, na kaulizo la ukali kidogo kwamba sisi Watanganyika tunautakia nini Muungano.

Mtaa huu sasa unasifiwa duniani kote kuwa mtaa wa sanaa, na ni kweli. Ngome Kongwe hufanyiwa tamasha la filamu lililoanza mwaka 1998 na tamasha la muziki la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004. Mwaka 2002 kilifunguliwa chuo cha muziki wa nchi za majahazi katika jengo la forodha ya zamani, vijana wakajifunza kanuni, udi na fidla. Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alizaliwa mjini humu mwaka 1948, na kijana aliyekulia mjini na kuitwa Farrokh Bulsara ndiye ambaye dunia inamjua kama Freddie Mercury. Yote haya yameandikwa katika vijitabu vya watalii. Kitu ambacho hakiandikwi sana ni kwamba sanaa ya mji wa mawe, kwa sehemu kubwa, ilivuka daraja ikitokea upande wa pili.

Palikuwa na hori la maji ya bahari likitenga mji wa mawe na makazi ya masikini; jina la Darajani limebaki kushuhudia daraja lake, ingawa hori limefukiwa zamani. Upande wa pili uliitwa, na unaitwa hata leo, Ng'ambo. Huko waliishi watumwa walioachwa huru na watoto wao, wavuvi, waashi, wachukuzi, wamakua na wanyamwezi, pamoja na watu wa visiwa vya Ngazija. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuleta muziki wa Misri katika kasri lake na kumpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda chama cha Ikhwani Safaa. Muziki wao ulikuwa mzuri, wenye heshima, na kwa Kiarabu. Aliyeugeuza ukawa mali ya watu wote ni Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, aliyeuza vyungu kabla ya kuuza sauti. Alikuja mjini mwaka 1911, akaishi Ng'ambo, akaimba kwa Kiswahili mambo ambayo majirani zake waliyajua: hakimu mla rushwa, mume mwenye kupiga, mwizi wa mjini. Usiku aliitwa majumbani mwa wakubwa kuimba, kisha akavuka kurudi kwake. Mwaka 1928 alirekodi sahani za santuri Bombay, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Ukipita leo kwenye nyumba hizo kubwa ukasikia taarabu ikitoka spika ya hoteli, kumbuka kwamba ilipanda ngazi hizo kwa miguu ya mtu wa Ng'ambo.

Hata zile picha za rangi kali, twiga na ndege, zinazofunika kuta za Mtaa wa Gizenga na kuuzwa kama sanaa ya Unguja, hazikuzaliwa humo. Ni za Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuuza picha zake penye duka la Msasani lililoitwa, nasema kwa fahari kidogo ya nyumbani, Morogoro Stores. Nilimwambia kijana muuza picha habari hiyo. Alinisikiliza kwa adabu, akanitajia bei.

Msomaji asidhani kwamba mitaa hii ilikuwa hivi siku zote. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, wengi wa wenye nyumba, Waarabu na Wahindi, waliuawa, walikimbia au walinyang'anywa. Serikali ilizitwaa nyumba, ikagawa vyumba kwa familia kutoka shamba, Ng'ambo na Pemba. Serikali mpya ilikuwa na hamu zaidi na majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na mtu anaweza kuelewa: kwa nini mtoto wa Ng'ambo aililie nyumba ya bwana wake wa zamani? Nilipofika mwaka 1978 niliona kuta zimevimba, miti imeota juu ya mapaa, nguo za familia sita au saba zimeanikwa katika ua mmoja, na mahali pengine rundo la mawe tu, nyumba imekaa chini kama mtu aliyechoka. Lakini vichochoro vilijaa watu. Watoto walicheza gololi mbele ya milango ambayo leo hupigwa picha, na harufu ya samaki wa kukaanga ilikufuata kutoka Malindi hadi Vuga.

Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuuhifadhi mji, sheria yake ikapitishwa mwaka 1994, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilifunguliwa, watalii wakaja, na nyumba zikaanza kupata thamani ambayo hakuna aliyeiota. Ndipo hoteli zilipoingia. Zimeokoa majengo, lazima tuseme hivyo. Mapaa yamezibwa, milango imesafishwa, njumu za shaba zinang'aa.

Siku moja pale Kiponda nilikaa barazani na mzee tuliyelingana umri. Alipojua kazi yangu ya zamani akaanza kuniita Maalim.

"Maalim, unaiona nyumba ile yenye bendera?" akaniuliza. "Mimi nimezaa watoto wanne ndani ya ile. Tulikuwa familia saba, choo kimoja. Sikutanii, tuligombana kila siku ya Mungu."

"Na sasa?"

"Sasa hoteli. Vyumba kumi na viwili. Haina ugomvi." Akacheka, kisha akanyoosha kidole. "Tazama baraza zake."

Nikatazama. Juu ya baraza zote mbili palipangwa vyungu vya maua, karibu karibu, vizuri kabisa, hata mtu asingepata pa kuweka makalio.

"Aliyejenga zile baraza," akasema, "alizijengea wapita njia. Hakuna aliyetukataza kukaa. Wamepanda maua tu."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi tangu nirudi Mzumbe. Mwanafunzi wangu mwingine, aliyesoma China, alipata kunisimulia juu ya mtaa wa Shanghai uitwao Tianzifang. Ulikuwa mtaa wa vichochoro vyembamba, nyumba kuukuu za wakazi wa kawaida na karakana zilizofungwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wachoraji walihamia kwa sababu kodi ilikuwa ndogo. Nyuma yao ikaja mikahawa, nyuma ya mikahawa wakaja watalii, na nyuma ya watalii kodi ikapanda mpaka wachoraji wengi wakashindwa kuilipa wakaondoka. Kinachouzwa huko sasa, alisema, ni vikombe vyenye picha ya vichochoro. Alicheka aliponisimulia hayo, nami nikacheka, lakini wakati huo sikuwa nimeviona vyungu vya maua.

Mwenye kupenda majengo atasema: heri hoteli kuliko rundo la mawe. Hoja hiyo ina nguvu. Siku ya Krismasi ya mwaka 2020 Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililokuwa fahari ya pwani nzima, liliporomoka sehemu kubwa likiwa katikati ya matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jumba la taifa linaanguka mikononi mwa mafundi, mama anayelipa kodi ndogo ya chumba atazuiaje paa lake? Chuo cha muziki nilichokitaja nacho kilitangaza mwaka 2019 kwamba kinakaribia kufungwa kwa kukosa fedha. Sanaa inayosifiwa na wageni wote haina bajeti ya uhakika.

Lakini ipo njia ya tatu, na ni ya kale kuliko hoteli. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu. Mtu aliyezijenga alizitoa kwa ajili ya Mungu, kwamba zisiuzwe, na faida yake iende kwa msikiti, kwa jamaa au kwa masikini. Kamisheni ya Wakfu ndiyo inayozisimamia, na wapangaji wake wengi ni watu wa kipato kidogo. Hao ndio, kwa macho yangu, wanaoufanya mji bado uwe mji: mama anayeuza urojo mlangoni, fundi cherehani, watoto wa madrasa wanaopita mbio saa kumi. Kodi ni ndogo mno kuweza kununua chokaa, hilo ni kweli, na bila chokaa nyumba ya wakfu itaanguka kama nyingine. Mimi ningependa kuona sehemu ya pesa anayolipa mtalii kwa kuutazama mji ikipelekwa moja kwa moja kwenye chokaa na boriti za nyumba hizo, na ningependa mwashi kijana alipwe vizuri kuliko mwongoza watalii. Mji wa Simbamwene haukukosa mawe. Ulikosa watu wenye sababu ya kuyarudisha yalipokuwa.

Siku moja kabla ya kuondoka nilikwenda Mkunazini, kwenye kanisa la Waanglikana alilojenga Askofu Edward Steere juu ya uwanja wa soko la watumwa lililofungwa Juni 1873. Nilikaa nje muda mrefu. Mapadre Wakatoliki wa Roho Mtakatifu, waliofika Unguja kabla ya hapo, walikomboa watoto wa soko hilo, wakawapeleka Bagamoyo kuanzia mwaka 1868, na walipokua na kuoana baadhi yao wakahamishiwa vijiji vipya vya bara: Mhonda mwaka 1877, kisha misheni ya Morogoro mwaka 1882. Mhonda iko katika wilaya yetu hii ya Mvomero. Kwa hiyo wapo watu wa kwetu ambao babu zao walipita pale Mkunazini wakiwa na bei.

Kutoka hapo nilipita karakana ya mchonga milango. Palikuwa na vijana wawili wakikwangua nakshi kwa patasi, na fundi mwenyewe akipima mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mahali mbawa mbili za mlango zinapokutana. Alisema wenyeji hawanunui tena; wateja wake ni hoteli, na watu wa bara wanaojenga majumba Dar es Salaam na Arusha. Mlango aliokuwa nao ungevuka wiki ijayo. Nikamwambia kwamba kwetu Morogoro tulikuwa na malango ya namna hiyo, zaidi ya miaka 150 iliyopita, na kwamba labda yalichongwa humu humu. Hakushangaa hata kidogo. Aliuliza yalikuwa ya mti gani. Nikamwambia Stanley alidhani ni msaji.

"Kama huu," akasema, akigonga ubao kwa kifundo cha kidole. "Huu ni wa kwenu. Umetoka Mtibwa."

Mtibwa ni jirani wa Mhonda. Niliupitisha mkono juu ya ubao, ukiwa bado haujachongwa kitu, nikamwuliza utachukua siku ngapi.